Jinsi ya kupima mwangaza wa Tiaki, jitu jekundu la kundinyota la Korongo

Tiaki ni nyota ya pili kwa kung'aa katika kundinyota la Korongo, upande wa kusini wa anga. Kwenye chati nyingi utaikuta kama Beta Gruis. Jina Tiaki limetoka visiwa vya Tuamotu huko Polinesia, na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulilipitisha mwaka 2017. Ni jitu jekundu, yaani nyota kubwa iliyovimba, la daraja la M5 (daraja la nyota zenye joto dogo), liko umbali wa miakanuru 177 hivi, na kipenyo chake kinakadiriwa kuwa mara 180 ya kile cha Jua. Uso wake una joto la Kelvini 3,500 tu, ndiyo maana rangi yake inaelekea kaa la moto.

Uangavu wake hupanda na kushuka kati ya mag 2.0 na mag 2.3 (mag, kifupi cha magnitudi, ni kipimo cha uangavu wa nyota). Kumbuka kwamba katika hesabu hii namba kubwa ni nyota hafifu. Tofauti ya 0.3 maana yake nyota imepoteza karibu robo ya mwanga wake. Robo ni kiasi kikubwa kwenye karatasi, lakini wingu jembamba usiloliona, au unyevu wa pwani nyota ikiwa chini, hula kiasi hichohicho bila kukuaga. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina kazi moja: kuzuia makosa yako yasiwe makubwa kuliko badiliko lenyewe.

Kuipata, na lini

Kuanzia Septemba hadi Desemba, usiku ukishaingia, tazama kusini. Tafuta kwanza Fomalhaut (mag 1.2), nyota nyeupe iliyo peke yake juu, jina lake ni Kiarabu, mdomo wa samaki. Kutoka hapo shuka kuelekea kusini kiasi cha nyuzi 17, yaani pungufu kidogo ya shubiri ya mkono ulionyooshwa. Utakutana na nyota mbili zilizoachana kwa nyuzi 6 hivi. Ukiwa umeelekea kusini, ya kulia, nyeupe yenye samawati, ni Alnair (mag 1.7). Ya kushoto, yenye wekundu uliopoa, ndiyo Tiaki.

Kimo chake cha juu kabisa ni nyuzi 44 ukiwa Nairobi, 47 Mombasa, 50 Dar es Salaam na 55 Lubumbashi. Maskati haifiki hata 20, na huko kazi inakuwa ngumu kwa sababu itakayoelezwa.

Mwanzoni mwa Septemba Tiaki hupita kusini kamili yapata saa 6 na nusu usiku kwa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Oktoba saa 4 na nusu, na mwanzoni mwa Novemba saa 2 na nusu. Hiyo saa ya Novemba ni nzuri kuliko zote. Wakati huo nyota za kulinganishia unazozihitaji ziko karibu kimo kimoja na Tiaki, kwa hiyo hewa inazififiza zote karibu sawasawa. Tatizo ni mvua za vuli. Anayetaka mfululizo mzuri aanze Agosti, kipindi cha kusi, hata kama ni kwa kukesha kidogo, asisubiri Novemba.

Nyota za kulinganishia

Unahitaji tatu:

Diphda, mag 2.0, nyota ya Nyangumi, juu kushoto.
Ankaa, mag 2.4, kushoto kwa Tiaki kwa nyuzi 19 hivi, kimo kinachokaribiana.
Alnair, mag 1.7, jirani wa kulia.

Wengi huanza na Alnair kwa kuwa iko karibu, na hapo ndipo kosa la kwanza linapoingia. Alnair ni ya samawati. Tiaki ni nyekundu. Jicho halina kipimo kimoja kwa rangi hizo mbili, na kamera nayo haina. Diphda na Ankaa ni majitu ya rangi ya chungwa, kwa hiyo zinakaribiana zaidi na Tiaki. Alnair itumie kwa uhakiki tu. Mwaka 2025 na 2026 sayari Zohali iko eneo la juu ya Diphda. Usiichukue kwa makosa. Zohali inang'aa zaidi na haimetimeti.

Kuhusu kimo: nyota ikiwa nyuzi 30 juu ya upeo, mwanga wake umepita unene wa hewa mara mbili ya ule wa nyota iliyo utosini, kwenye nyuzi 20 ni karibu mara tatu. Usawa wa bahari, kila unene mmoja hula kiasi cha mag 0.2 hadi 0.3, na siku ya ukungu wa pwani zaidi. Ndiyo sababu aliye Maskati asiiguse Diphda kabisa, maana huko inapanda hadi nyuzi 48 huku Tiaki ikiwa 19. Atumie Ankaa, ambayo hupanda hadi nyuzi 24, na apime Tiaki ikiwa kusini kamili tu.

Kupima kwa macho

Njia hii haihitaji kifaa chochote, na usahihi wake ukiwa bora kabisa ni mag 0.1. Itakuonyesha Tiaki ikiwa kileleni na ikiwa bondeni. Yaliyo katikati usiyaamini sana.

1. Kaa gizani dakika 15. Simu iweke kifudifudi.

2. Tupia jicho Diphda, kisha Tiaki, kisha rudi. Ni kutupia jicho, sekunde moja au mbili. Ukiikodolea nyota nyekundu, inazidi kung'aa machoni mwako kadiri unavyoitazama, na makadirio yako yatapanda bila nyota kubadilika hata chembe.

3. Fanya vivyo hivyo kati ya Tiaki na Ankaa. Geuza kichwa ili mstari unaounganisha nyota mbili uwe sambamba na mstari wa macho yako. Nyota mbili zikipangana juu na chini, jicho huipendelea moja.

4. Gawanya pengo la Diphda na Ankaa mafungu manne. Pengo ni 0.4, kwa hiyo kila fungu ni 0.1. Tiaki ikiwa hafifu kidogo tu kuliko Diphda lakini inaipita Ankaa kwa mbali, hiyo ni robo ya njia: 2.1. Ikiwa katikati, 2.2.

5. Andika papo hapo, pamoja na saa, kabla hujafungua kurasa za nyuma za daftari. Anayejua alichoandika juzi huona leo kile anachokitarajia.

Mwenye miwani ya kuona mbali ana msaada wa bure: avue. Nyota ikitawanyika kuwa kiduara, rangi haimsumbui sana na kulinganisha kunakuwa rahisi.

Mbalamwezi ni adui wa pekee hapa. Anga ikiwa na mwanga, jicho huipa nyota nyekundu uangavu zaidi kuliko inavyostahili ikilinganishwa na nyeupe. Na kuna mtego mwingine nyuma yake: mzunguko wa Tiaki ni siku 37 hivi, mwezi mpevu hurudi kila siku 29 na nusu. Ukipima kila usiku bila kujali mbalamwezi, baada ya miezi minne utakuwa na wimbi zuri sana la siku 29 ambalo nyota haina habari nalo. Acha siku tatu kabla ya mwezi mpevu na tatu baada yake, au angalau zitie alama daftarini.

Kupima kwa kamera

Hapa ndipo badiliko dogo linapoonekana vizuri. Kamera yoyote ya DSLR au isiyo na kioo, yenye kuhifadhi faili za RAW (data ghafi ya sensa, isiyorekebishwa na kamera), inatosha, pamoja na lenzi ya kawaida ya 18–55 iliyokuja nayo na tripodi isiyotikisika. Darubini haihitajiki, itakupunguzia eneo la picha, ukose nyota za kulinganishia.

Simu inawezekana iwapo ina modi ya mkono na hifadhi ya RAW. Hali ya picha za usiku isitumike kamwe: simu huunganisha picha nyingi, hulainisha chengachenga na kung'arisha kile inachodhani unakipenda. Hicho si kipimo tena.

Mpangilio wa kamera: lenzi milimita 35, tundu f/5.6, ISO 200, sekunde 10, RAW. Zima kazi ya kamera ya kupunguza chengachenga, zima fokasi ya kiotomatiki, na tumia rimoti au kipima-muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Kwa lenzi hiyo kwenye kamera yenye sensa ya APS-C unapata eneo la nyuzi 35 kwa 24, ambamo Alnair, Tiaki na Ankaa zinaingia pamoja.

Sasa haribu fokasi makusudi. Zungusha pete mpaka kila nyota iwe kiduara cha pikseli 10 hadi 15. Mpiga picha mzuri ataumia moyo, lakini kuna sababu mbili. Nyota kali ikikusanyika kwenye pikseli tatu hujaza pikseli hizo, na pikseli iliyojaa haihesabu tena. Mwanga unaozidi unapotea. Pili, pikseli za kijani ziko nusu tu ya sensa, zikichanganyika na nyekundu na buluu. Nyota iliyo ndogo kama sindano inaweza kuangukia zaidi kwenye nyekundu katika picha hii na kwenye kijani katika picha ijayo, nawe ukadhani imebadilika. Kagua picha ya kwanza: kwenye kamera ya biti 14 kikomo ni 16,383, na hakuna pikseli ya nyota inayopaswa kuvuka 10,000 hivi.

Elekeza kamera ili kituo cha picha kiwe katikati ya Tiaki na Ankaa. Hila hii ndogo ina faida kubwa. Lenzi zote hufifiza pembe za picha kuliko katikati. Nyota mbili zikiwa umbali sawa kutoka kituo, zinafifizwa karibu sawa, na kosa linajifuta lenyewe.

Piga picha 20. Usiridhike na moja. Kwa tundu dogo kama hili, kumetameta kwa nyota peke yake kunaweza kupotosha picha moja ya sekunde 10 kwa mag 0.03 hadi 0.05. Ukichukua wastani wa picha 20, kosa hilo linashuka hadi karibu 0.01.

Kabla hujakunja tripodi, funika lenzi na upige picha 15 za giza kwa ISO ileile na sekunde zilezile. Jioni au alfajiri, anga ikiwa na mwanga laini, funga fulana nyeupe safi mbele ya lenzi bila kugusa fokasi wala tundu, upige 20 za mwanga sawa, mwangaza ukiwa katikati ya histogramu. Za giza huondoa joto la sensa. Za mwanga sawa hurekebisha kufifia kwa pembe na vumbi. Ukiruka za mwanga sawa, Tiaki na Ankaa zinaweza kuokolewa na ile hila ya kituo, lakini Alnair iliyo pembeni itatoka na kosa.

Programu ya bure ya Siril, au AstroImageJ, inafanya kazi iliyobaki. Toa picha za giza, gawanya kwa za mwanga sawa, kisha chukua mkondo wa kijani peke yake, yaani data ya pikseli za kijani tu. Ndio ulio karibu na V, kichujio cha mwanga wa kijani na njano wanachotumia wanaastronomia. Chora duara la kupimia lililo pana kuliko kiduara cha nyota kwa pikseli tatu nne, na pete ya nje ya kupimia anga tupu. Duara liwe lilelile kwa nyota zote. Likiwa dogo mno linakata mwanga wa kingo. Likiwa kubwa mno linameza nyota jirani.

Hesabu yenyewe ni moja:

mag ya Tiaki = mag ya Ankaa − 2.5 × log10 (mwanga wa Tiaki ÷ mwanga wa Ankaa)

Tuseme Tiaki imetoa 53,000 na Ankaa 41,200. Uwiano ni 1.286, logi yake 0.109, mara 2.5 ni 0.27. Basi 2.4 − 0.27 = 2.13. Kwa kazi ya kuripoti chukua thamani kamili ya Ankaa kutoka kwenye jedwali la chati ya AAVSO, shirika linalopokea vipimo (tazama mwishoni), na utumie hiyohiyo msimu mzima.

Kisha pima Alnair kwa Ankaa kwa njia ileile. Alnair haitakiwi kubadilika. Jibu lake likihama kwa zaidi ya 0.03 kutoka usiku mmoja hadi mwingine, tatizo liko kwako au angani, na usiku huo wote utupwe, hata kama namba ya Tiaki inapendeza.

Jibu lako linaweza kuwa juu au chini ya V halisi kwa mag 0.1 hivi, kwa kuwa kijani cha kamera si V kamili na Tiaki ni nyekundu kuliko Ankaa. Kosa hilo halibadiliki sana ukitumia kamera ileile na nyota ileile ya kulinganishia. Umbo la wimbi litabaki sahihi. Kinachohama ni mstari mzima. Ndiyo maana kubadilisha kamera katikati ya msimu kunaharibu zaidi kuliko kuwa na kamera duni.

Mambo yanayoharibu usiku

Umande. Pwani, lenzi iliyoachwa wazi inaweza kuanza kulowa kabla ya saa moja kwisha. Nyota hufifia polepole zote pamoja, kisha upande mmoja wa picha hufifia zaidi. Weka kofia ya lenzi, na ukague kwa tochi kila baada ya dakika 15. Usifute kwa pindo la shati. Peperusha kwa kipande cha karatasi ngumu.

Moshi wa mashamba. Bara, kipindi cha kiangazi, moshi hutanda kwa mikanda, ukifunika Ankaa na kuiacha Tiaki. Utautambua kwa uwiano wa Alnair na Ankaa unaoyumba kati ya picha na picha. Wingu jembamba la juu lina dalili ileile.

Taa. Mwanga wa mji si tatizo kubwa kwa nyota kali kama hizi, mradi taa isipige lenzi moja kwa moja. Simama kwenye kivuli cha ukuta.

Saa

Kila kipimo huandikwa kwa saa ya dunia, UT, na hapa msemaji wa Kiswahili ana mtego wake wa peke yake: saa 2 usiku akiiandika "2:00" amekosea kwa saa nyingi. Kwa Afrika Mashariki, chukua saa ya usiku ya Kiswahili, ongeza 15, na ubaki na tarehe ya jioni uliyoanza. Saa 2 na nusu usiku inakuwa 17:30 UT. Saa 8 usiku inakuwa 23:00 UT, tarehe ileile ya jioni, ingawa kwako ni siku mpya. Ikifika 24 au zaidi, toa 24 na usogeze tarehe mbele. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ongeza 16, kama unahesabu kwa saa za Kiswahili.

Kisha geuza kuwa siku za Julian, hesabu ya siku mfululizo isiyo na miezi. Siku hizo huanza saa 6 mchana UT. Tarehe 1 Novemba 2025 saa 17:30 UT ni 2460981.229. Vikokotoo vya bure viko tele mtandaoni, lakini jaribu tarehe hiyo kwanza uone kama kinakupa jibu hilo.

Kuchora na kutuma

Kipimo kimoja kila siku tatu hadi tano kinatosha. Kwa mzunguko wa siku 37 utapata nukta saba hadi kumi na mbili kwa wimbi. Kila usiku ni kupoteza usingizi bure.

Chora siku za Julian chini, uangavu pembeni, namba ndogo ikiwa juu. Usitegemee wimbi lililonyooka. Tiaki ni nyota ya nusu-mpangilio: kuna vipindi inapumua kila siku 37 kwa utaratibu, na vipindi inapoacha utaratibu huo na kubadilika polepole bila mpango. Sababu ni tabaka zake za nje, zinazotanuka na kusinyaa. Joto likishuka kidogo, oksidi ya titani inaongezeka hewani mwake, nayo humeza mwanga unaoonekana kwa macho. Ndiyo maana badiliko dogo la joto linaonekana kwenye kijani kuliko kwenye infraredi. Ukikuta wiki sita zisizo na kilele, usizilazimishe. Ziache kama zilivyo.

Vipimo hupokelewa na AAVSO, shirika la Marekani la wapimaji wa nyota badilifu lililoanzishwa mwaka 1911. Kujiandikisha na kupata msimbo wa mpimaji ni bure. Nyota iandike "bet Gru". Kipimo cha macho kinaingia kama Vis., cha mkondo wa kijani wa kamera kama TG. Ukiandika V bila kurekebisha rangi, umedanganya bila kukusudia. Taja nyota za kulinganishia, namba ya chati, na kosa la kipimo, ambalo kwa kamera ni mtawanyiko wa zile picha 20 ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 20, yaani 4.5.

Msimu unaisha katikati ya Januari. Wakati huo Tiaki inazama kama saa 4 usiku, na giza likiingia tayari iko chini magharibi, wakati Ankaa na Diphda ziko juu zaidi. Kipimo cha mwisho kiwe pale inapokuwa bado juu ya nyuzi 30. Baada ya hapo subiri Julai, itakapochomoza kusini mashariki yapata saa 4 usiku.